Tusizigeuze Nyua za Mvita Kuwa Jangwa

Tarehe 6 Mei 2020 serikali ya Kenya ilipiga marufuku watu kuingia katika Mji wa Kale wa Mombasa au kutoka humo, ili kuzuia kuenea kwa ugonjwa wa korona. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Masoko na mikahawa ya eneo hilo iliamriwa ifungwe, na marufuku iliyotangazwa kuwa ya siku 15 ikaongezwa hadi mapema mwezi wa Juni. Matabibu wana yao ya kusema kuhusu hatua ile, na wanasiasa wana yao. Mimi, ambaye kazi yangu ni lugha, ningependa kuuliza swali dogo la jikoni: mji ulipofungwa, ni nyumba ngapi za Mvita zilizoweza kufungua mlango wa nyuma na kuchuma kicha cha mchicha, ndimu mbili na pilipili za kutilia mchuzi?

Jibu twalijua sote. Ni chache mno. Na sababu si uvivu wa watu wa Pwani, kama wanavyopenda kudai wasiotujua. Sababu ni kwamba ua wa nyumba, ambao zamani ulikuwa mahali pa kupandia, kupikia, kufulia na kufunzia watoto, umefunikwa kwa saruji au umejengwa chumba cha kupangisha. Familia imeongezeka, kodi inahitajika, na ardhi ya kisiwa haiongezeki. Kisiwa cha Mombasa chote ni takriban kilomita 14 za mraba. Kaunti nzima ilihesabiwa kuwa na watu 1,208,333 katika sensa ya mwaka wa 2019. Hakuna wa kumlaumu mwenye nyumba aliyejenga chumba badala ya kupanda mpapai.

Hata hivyo, nashikilia kwamba tumeuachilia ua upesi kuliko ilivyotupasa, na kwamba hasara yake ni maradufu. Tumepoteza chakula, na pamoja na chakula tumepoteza elimu iliyokaa ndani ya maneno. Shule zetu zaweza kuzirejesha zote mbili, maadamu walimu wakubali kwamba bustani ni darasa kama madarasa mengine.

Kwanza nijibu pingamizi ambazo msomaji amekwisha kuziandaa.

Pingamizi la kwanza ni udongo. Mji wa Kale umejengwa juu ya matumbawe na kwa matumbawe. Atakayejaribu kuchimba shimo la mpapai Kibokoni au Kuze huenda akagonga jiwe jembe lisijazama. Udongo uliopo ni haba na una chokaa nyingi, na chokaa hiyo huyafunga madini ya chuma hata mizizi isiweze kuyafyonza. Ndiyo maana majani ya miche mingi hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Wa kaskazi nao, tangu Desemba hadi Machi, hukausha kila kilichoachwa wazi. Si ajabu mtu akasema kwamba ua wa Mvita ni jangwa.

Lakini jangwa la matumbawe limekwisha kushindwa, tena karibu nasi. Mwaka wa 1971 Rene Haller alianza kupanda miti katika machimbo yaliyoachwa na kiwanda cha saruji cha Bamburi, mahali palipokuwa mwamba mtupu, pasipo udongo, na maji ya chini yana chumvi. Alijaribu miti aina 26. Iliyostahimili ni mitatu tu, na miongoni mwayo ni mvinje na mnazi. Majani ya mvinje yalianguka yakarundikana bila kuoza, hadi walipoletwa majongoo. Majongoo wakayala majani, samadi yao ikawa chanzo cha udongo, na udongo ukapokea miti mingine. Leo mahali hapo pana msitu, vidimbwi na wanyama, na watoto wa shule hupelekwa kutazama. Sisi tunaokidharau kijongoo na kumwondoa kwa ufagio hatuna budi kumheshimu: yeye ndiye aliyeugeuza mwamba kuwa bustani.

Funzo la Bamburi kwa mwenye ua ni jepesi. Udongo usipokuwapo, hutengenezwa. Maganda ya ndizi na ya viazi, majani ya kufagia, mavumbi ya chicha ya nazi na samadi ya mbuzi, vikirundikwa kivulini na kunyunyiziwa maji, huwa mboji baada ya miezi michache. Mboji hiyo hutiwa katika gunia, ndoo iliyotoboka, karai kuukuu au beseni lililopasuka, ikapandwa mchicha unaokuwa tayari kuchumwa baada ya wiki tatu au nne. Makumbi ya nazi yakiwekwa chini ya chombo hushika unyevu, ila yasiwe yale yaliyolowekwa baharini kwa ajili ya usumba, kwani yana chumvi. Juu ya udongo hutandazwa nyasi au majani makavu ili jua lisinywe maji kabla ya mmea.

Pingamizi la pili, lililo zito zaidi, ni maji. Hapa hatuna haja ya kudanganyana. Kisiwa hiki hakina mto. Tangu miaka ya 1950 maji yetu yamekuwa yakisafiri zaidi ya kilomita 200 kwa bomba kutoka chemchemi za Mzima, kule Tsavo. Mengine hutoka Baricho katika bonde la Sabaki, na mengine Marere katika vilima vya Shimba. Kila tone la maji matamu linaloingia kisiwani ni mgeni kutoka kaunti nyingine, na mgeni huyo mara nyingi hukosa kufika. Mfereji hukauka kwa siku kadhaa, na mwenye mkokoteni wa mitungi huuza kwa bei apendayo. Je, ni haki kumwambia mama anayenunua maji ya kunywa anyweshe bamia?

La hasha. Ni dhuluma. Ila kuna maji ambayo hayanunuliwi, nayo tunayamwaga.

Tuanze na yale ya mbinguni. Mombasa kwa wastani hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na nyingi huanguka wakati wa masika, majira ambayo wazee wa Mvita huyaita mwaka. Mwalimu wa hisabati na awape wanafunzi wake hesabu hii: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Bati la mita 10 kwa 5, mvua ya milimita 20 ikinyesha usiku mmoja, hupokea lita 1,000. Ingawa baadhi hupotea, yanayobaki hujaza mapipa kadhaa. Yanakwenda wapi? Yanateremka barabarani, yanachanganyika na taka, kisha yanaishia baharini, nasi kesho yake twamwita mwenye mkokoteni. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, ina birika la kukusanyia maji ya mvua. Wageni waliokuja kwa mabavu walijua kwamba kwenye kisiwa hiki maji ya mvua hayapotezwi; sisi wenyeji imekuwaje tukasahau?

Kisha kuna maji ya kuoshea mchele, kunde na mboga, ambayo mmea huyafurahia. Kuna maji ya udhu. Mji wa Kale umejaa misikiti, na waumini hutawadha mara tano kwa siku kwa maji yasiyotiwa sabuni. Maji hayo yakielekezwa kwenye bustani ndogo ya mindimu na mikomamanga, badala ya kwenda shimoni, hakuna atakayepungukiwa. Hili si shauri la kiserikali wala halihitaji msaada wa wafadhili. Lahitaji fundi wa bomba na nia ya kamati ya msikiti.

Maji ya kisima yana chumvi, nayo hutumiwa kwa hadhari. Mnazi, mtende na mkunazi huyastahimili kuliko mndimu, maharagwe au kitunguu. Yamwagwe shinani, yasiguse majani, kwa sababu chumvi huyaunguza, na kwa sababu visima vya mjini vimechimbwa karibu na mashimo ya vyoo. Mboga zioshwe vyema kwa maji safi kabla ya kuliwa. Masika yanapokuja, vyombo viachwe wazi mvua iisukume chumvi iliyokusanyika. Na anayetaka kubana maji zaidi, afukie mtungi wa udongo hadi shingoni kati ya miche, aujaze maji na kuufunika. Maji yatapenya polepole kwenye kuta zake na kuifikia mizizi, na jua halitapata la kunywa.

Waliotufundisha hasa kuheshimu maji ni watu wa jangwani penyewe. Mji wetu una udugu wa karne nyingi na Oman. Waomani waliiteka Ngome ya Yesu mwaka wa 1698, na familia nyingi za Mvita zina nasaba huko. Mvua ya Maskati kwa mwaka haifikii sehemu moja kwa tano ya mvua ya Mombasa. Hata hivyo, vijiji vya Oman vimelima kwa mamia ya miaka kwa mifereji inayoitwa falaji, ambayo takriban 3,000 bado inatumika, na mitano kati yake ilitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2006. Maji ya falaji hufuata utaratibu: kwanza ya kunywa, kisha ya msikiti na ya kuogea, ndipo mashamba yapate zamu zao kwa saa zilizohesabiwa. Na mashamba yenyewe hupandwa kwa ghorofa: juu mitende, chini ya mitende mindimu na migomba, na chini kabisa mboga na majani ya mifugo. Kivuli cha mkubwa humlinda mdogo. Mchumia juani hula kivulini, walisema wahenga wetu. Mchicha nao una haki ya kivuli. Mnazi, mpapai au hata kipande cha kuti kilichoinamishwa upande wa jua la adhuhuri chatosha kuokoa miche wakati wa kaskazi.

Pingamizi la tatu ni kwamba mboga ni rahisi sokoni, na mtu mwenye akili huenda Marikiti au Kongowea. Ni kweli kwamba gunia mbili za mchicha haziwezi kuilisha familia, na yeyote anayeahidi hivyo ni mwongo. Unga, mchele na mafuta vitanunuliwa daima. Lakini kinachopungua kwanza mezani pa maskini, bei zinapopanda, ni mboga na matunda. Na ndivyo vinavyoweza kuota uani. Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka wa 2010 inampa kila Mkenya haki ya kutokuwa na njaa na haki ya maji safi. Haki hiyo tuidai kwa serikali bila kulegea. Ila wakati tunapoidai, mzunze mmoja nyuma ya nyumba, ambao majani yake ni mboga na ambao hauogopi ukame, hautuzuii kudai.

Sasa nije kwenye lugha, mahali ninapoona hasara ambayo haionekani sokoni.

Kiswahili kina maneno mawili ya *ua*, yanayoandikwa na kutamkwa sawa. Moja ni ua la kunusa, ambalo wingi wake ni maua; jingine ni ua wa nyumba, ambao wingi wake ni nyua. Mwanaisimu atawaeleza wanafunzi kwamba hayo ni maneno tofauti, yenye ngeli tofauti. Mtoto wa zamani hakuhitaji maelezo, kwa kuwa aliliona ua uani. Alimwona bibi yake akichuma asumini na mrehani magharibi inapokaribia, akavifunga pamoja kuwa kikuba. Leo vikuba hununuliwa, na mtoto hajui kilimotoka.

Tazameni mnazi. Tunda lake halina jina moja. Huanza kuwa kidaka, likawa kitale, kisha dafu, kisha koroma, ndipo liitwe nazi. Na nazi ikikaushwa huwa mbata. Kila jina ni hukumu ya mtaalamu: hili bado, hili la kunywa, hili limepita kunywewa na halijafaa kukunwa, hili la kupikia. Anayejua majina haya anajua pia lini apande juu na lini asubiri. Anayeita yote 'nazi changa' na 'nazi kubwa' amepoteza maarifa, hata kama ana shahada.

Tazameni na vitenzi. Mboga huchumwa, muhogo hung'olewa, hindi hukonyolewa, nazi huanguliwa, mkungu wa ndizi hukatwa. Mche huatikwa, magugu hupaliliwa, matawi hupogolewa. Siku hizi nasikia vijana, tena wasomi, wakisema kwamba wamevuna nazi, wamevuna mchicha, wamevuna muhogo. Sarufi yao haina kosa. Lakini kitenzi kimoja kimefanya kazi ya vitano, kwa sababu mikono ya msemaji haijafanya hata moja.

Walimu wenzangu wa Kiswahili wanajua ninachosema. Kwa miaka mingi, hadi mtihani wa KCPE ulipofanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023, watoto wetu walikariri vijumuishi: chana la ndizi, kole la nazi, shada la maua. Wengi walijibu sawasawa. Wangapi walikuwa wamewahi kulishika kole? Tunawafundisha kwamba mpapai uko katika ngeli ya U-I na papai katika ngeli ya LI-YA, kwamba mndimu ni U-I na ndimu ni I-ZI. Tunachora jedwali ubaoni, nao wananakili. Ilhali mpapai mmoja ukutani mwa shule ungewafundisha kwa mwaka mmoja kile ambacho jedwali halijawafundisha kwa minane: kwamba lugha hii hulipa tunda na mti wake mzizi mmoja wa neno, kisha ikavitenga kwa viambishi, kama mama amwitavyo mwana kwa jina la ukoo na jina lake.

Kuna watakaosema kwamba lugha hukua, maneno ya shambani yafe na ya kompyuta yazaliwe. Nakubali kwamba lugha hukua. Lugha ya mji wa bandari kama huu imepokea maneno ya Kiarabu, Kireno, Kihindi na Kiingereza, na haikuharibika. Lakini lugha iliyo hai hupokea bila kutapika ilivyonavyo. Neno la kigeni likiingia kwa sababu kitu kipya kimeingia, hiyo ni neema. Neno la kwetu likitoka kwa sababu kitu chetu kimetoka, hiyo ni msiba, na kamusi haiuzuii msiba huo. Kamusi ni kaburi lililopambwa vizuri. Uhai wa neno *koroma* uko kwa anayeligonga kwa kidole akasikiliza.

Kwa hiyo nina mapendekezo matatu.

La kwanza ni kwa walimu. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019 unataka mwanafunzi atende, si akariri tu, na somo la kilimo limo ndani yake. Shule za kisiwani zisijitetee kwa kukosa shamba. Magunia kumi kando ya ukuta, pipa chini ya mfereji wa paa na rundo la mboji kivulini ni bustani kamili. Mwalimu wa hisabati apime mvua, wa sayansi aeleze chumvi na chokaa, wa Kiswahili awe na daftari la maneno. Na wazee wa mtaa waalikwe kama walimu. Bibi ambaye hajui kusoma lakini anajua lini mnavu unachumwa na vipi mchunga unapunguzwa uchungu ana somo la kutoa ambalo sisi hatuna.

La pili ni kwa wanafunzi. Msingoje shule. Kila mmoja wenu apande mmea mmoja nyumbani, hata kama ni pilipili katika kopo la maziwa dirishani, na amwulize mkubwa wake majina: ya mche, ya jani, ya tunda bichi na lililoiva, ya kitendo cha kulichuma. Aandike. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha maneno hujazwa vivyo hivyo.

La tatu ni kwa serikali ya kaunti na wenye kusimamia Mji wa Kale, ambao tangu mwaka wa 1990 ni eneo la hifadhi. Tunahifadhi milango ya nakshi na roshani za mbao, na ni vyema. Lakini nyumba ya Kiswahili haikuwa mlango tu. Ilikuwa na ua, na ua ulikuwa na mti. Hifadhi inayolinda sura ya mbele na kuacha uti wa mgongo ufunikwe kwa saruji ni hifadhi ya nusu. Anayeomba kibali cha kukarabati nyumba na aelekezwe namna ya kuvuna maji ya paa lake na kuacha mita chache za ardhi zipumue.

Jangwa si lazima liletwe na upepo kutoka kaskazini. Laweza kuletwa kwa mfuko mmoja mmoja wa saruji, na kwa kizazi kimoja kisichoulizwa jina la kitu. Masika yajapo, kila mwenye bati na awe na pipa chini yake, na kila mwenye mtoto amkabidhi mbegu na jina lake pamoja.